Richard Burton: Mzungu aliyebeba neno safari hadi Uingereza, na kovu la mkuki shavuni

Ukiamka mapema Ifo, kabla jua halijaanza kuchoma, kisha utoke nje kidogo ya kambi hadi kwenye vichaka vya migunga, huenda ukabahatika kumwona mnyama mmoja wa ajabu. Miguu yake ni myembamba, shingo ni ndefu, na akitaka majani ya juu husimama kwa miguu ya nyuma kama mtu anayechungulia dirishani. Kwa Kiswahili huyo ni swala twiga. Vijana wa Ifo waliokulia Kisomali humwita garanuug.

Sasa fungua kamusi ya Kiingereza. Mnyama huyo huyo anaitwa gerenuk. Yaani Waingereza walisikia jina kwa Wasomali, wakalikunja kidogo lipite ulimini mwao, wakaenda nalo. Yupo pia swala mwingine wa Somalia na Ogaden anayeitwa dibatag. Jina hilo nalo ni la Kisomali na linahusu mkia uliosimama, kwa sababu akitimua mbio huuinua juu kama bendera. Na beira, swala mdogo wa milimani, naye jina lake lilitoka kwa wafugaji hao hao.

Wengi wetu tulifunzwa kwamba Kiswahili ndicho kinachokopa: shule kutoka Kijerumani, meza kutoka Kireno, baiskeli kutoka Kiingereza. Ni kweli. Kile ambacho hatukuambiwa sana ni kwamba Kiingereza nacho hukopa kila mahali, tena bila haya.

Swali ni hili: maneno huvukaje mipaka? Hayana miguu. Lazima kuwe na mtu wa kuyabeba. Mmoja wa wabebaji hao alikuwa Richard Francis Burton, na maisha yake yalikuwa na vituko vya kutosha kutengeneza filamu tatu.

Mtoto wa kuhamahama

Burton alizaliwa Machi 19, 1821 huko Torquay, kusini magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mwanajeshi, na familia haikutulia mahali pamoja. Walihamia Tours nchini Ufaransa akiwa bado mdogo, kisha wakawa wanazunguka kati ya Ufaransa na Italia. Kila walipotua, Richard na ndugu yake Edward walikuwa mitaani na watoto wa hapo, wakiokota lugha yao pamoja na matusi yake.

Alipofika Chuo Kikuu cha Oxford mwaka wa 1840, tayari alikuwa na Kifaransa, Kiitaliano na Kilatini. Akaanza kujifunza Kiarabu mwenyewe. Masomo mengine yalimchosha. Mwaka wa 1842 alihudhuria mashindano ya farasi ambayo wanafunzi walikatazwa kwenda, akafukuzwa chuoni.

Mwaka huo huo alijiunga na jeshi la Kampuni ya East India, akapelekwa Gujarat, India. Wenzake walipokuwa wakiua muda kwa pombe na karata, Burton alikuwa ameketi na walimu wa lugha. Alifanya mitihani ya Kihindustani, Kigujarati, Kimarathi, Kisindhi na Kiajemi, mmoja baada ya mwingine. Wanaohesabu lugha zake husema zilizidi 25 ukijumlisha na lahaja.

Kuna kisa kimoja ambacho wengi hudhani ni cha kutunga. Burton aliwahi kufuga nyani nyumbani kwake India ili asome lugha yao. Alikula nao, akasikiliza milio yao, akaandika orodha ya milio kama 60 na maana aliyodhani inabeba. Orodha hiyo iliteketea pamoja na karatasi zake nyingine katika moto wa ghala moja la London mwaka wa 1861.

Huko Sindh ndiko alikojifunza mbinu iliyomfanya maarufu. Alivaa nguo za kienyeji, akapaka ngozi rangi, akajiita Mirza Abdullah, mfanyabiashara wa asili ya Kiarabu na Kiajemi. Aliuza vitambaa sokoni na kusikiliza watu wakiongea. Mwaka wa 1853 alitumia ujanja wa aina hiyo kuingia Makka wakati wa hija. Uingereza alisifiwa kama shujaa. Kwa Waislamu wengi kitendo hicho kilikuwa, na bado ni, udanganyifu katika mahali patakatifu. Mambo yote mawili yanafaa kukumbukwa tunapomzungumzia.

Abbaan, Harar na mkuki wa Berbera

Baada ya Makka, macho ya Burton yaligeukia upande wetu. Mwaka wa 1854 alivuka kutoka Aden hadi Zeila, mji wa bandari katika pwani ya Wasomali, akapokewa na gavana wake, Sharmarke Ali Saleh. Alikaa hapo majuma kadhaa akijiandaa kwenda Harar, mji wa Kiislamu uliozungushiwa ukuta, katika Ethiopia ya leo. Hakukuwa na Mzungu aliyejulikana kuingia humo na kutoka salama.

Zeila ndipo Burton alipokutana na neno abbaan. Katika nchi ya Wasomali wakati huo, mgeni hakuweza kujitembelea tu. Alihitaji abbaan: mwenyeji anayembeba mgongoni, anayemwonyesha njia, anayepatana bei kwa niaba yake na anayewajibika kwa maisha na mali yake. Mgeni akidhuriwa, ni aibu ya abbaan. Burton alilieleza neno hilo katika kitabu chake cha 1856 kuhusu safari hiyo, na tangu hapo wasomi wa historia ya Pembe ya Afrika hulitumia katika Kiingereza bila kulitafsiri. Ni gumu kutafsiri kweli. Wakala? Mlinzi? Mdhamini? Ni yote hayo kwa pamoja.

Jambo jingine lililomshangaza ni ushairi. Aliwakuta wafugaji ambao lugha yao haikuwa na mwandiko rasmi, lakini kila mtu alionekana kujua shairi zuri na baya, na mtunzi aliyekosea mizani aliwakasirisha wasikilizaji. Kisomali kilipata mwandiko wake rasmi wa herufi za Kirumi mwaka wa 1972 tu. Kabla ya hapo, kumbukumbu za watu zilikuwa ndiyo maktaba.

Burton aliingia Harar Januari 3, 1855. Alikaa siku 10 bila kujua kama ni mgeni wa amiri au mfungwa wake. Hata humo hakuacha tabia yake. Alikusanya maneno ya Kiharari, lugha iliyozungumzwa ndani ya ukuta wa mji huo, na kitabu chake kina sehemu nzima ya sarufi na msamiati wa lugha hiyo.

Njia ya kurudi Berbera nusura imwue. Aliamua kupita mkato jangwani, maji yakaisha, yeye na wenzake wakawa wanajikokota. Kilichowaokoa ni ndege wa jangwani. Burton alijua kwamba ndege wa aina ile hawakai mbali na maji jioni, akawafuata kwa macho wakishuka, na kumbe kisima kilikuwa hapo. Mfugaji yeyote wa Garissa angekuambia hayo bila kusoma kitabu.

Usiku wa kuamkia Aprili 19, 1855, kambi yake nje ya Berbera ilivamiwa. Mwenzake, Luteni Stroyan, aliuawa. John Speke alikamatwa, akachomwa mikuki mwilini kabla ya kutoroka. Burton alipigwa mkuki ulioingia shavu moja na kutokea la pili, ukang'oa meno njiani. Alikimbia hadi ufukweni mkuki ukiwa bado umekwama usoni. Kovu lile linaonekana katika picha zake za baadaye.

Neno linaanza kutembea

Ungedhani mtu angekoma hapo. Desemba 1856 Burton na Speke walitua Zanzibar, wakitafuta maziwa makuu ya bara. Mapema mwaka wa 1857 walipita Mombasa na kumtembelea mmishonari Johannes Rebmann karibu na Rabai. Juni mwaka huo walianza kutembea kutoka pwani ya Tanganyika. Novemba wakafika Kazeh, ambayo leo ni Tabora. Februari 1858 wakaona Ziwa Tanganyika. Kufikia wakati huo Burton alikuwa hawezi kutembea kwa sababu ya malaria, na Speke alikuwa karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho.

Msafara huo haukuongozwa na ramani. Uliongozwa na watu. Kulikuwa na kirangozi aliyetangulia mbele, wapagazi waliobeba mizigo, na hongo iliyolipwa kwa kila mtawala ambaye ardhi yake ilipitwa. Zingatia neno hilo. Wakati huo hongo ilikuwa ada ya njia, inayojulikana na wote na kulipwa mchana peupe. Leo ukimwambia mtu ametoa hongo unaweza kushtakiwa. Neno lile lile, maana imegeuka.

Burton aliyaandika haya yote: kirangozi, mpagazi, hongo, pombe, tembe ya Unyamwezi yenye paa la bapa. Aliwafafanulia Waingereza pia kwamba katika lugha za huku mwanzo wa neno ndio unaobeba ujumbe: U ni nchi, M ni mtu mmoja, Wa ni watu, Ki ni lugha. Unyamwezi, Mnyamwezi, Wanyamwezi, Kinyamwezi. Msomaji wa London aliyekuwa akiona majina hayo kama fujo akaelewa kwamba kuna mpangilio.

Na katikati ya maneno hayo kulikuwa na safari. Wanaochunguza historia ya maneno humtaja Burton kuwa ndiye aliyeliingiza katika Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1850. Kwake halikuwa na maana ya watalii ndani ya gari lililofunguliwa paa. Lilikuwa msafara: watu kwa mamia, mizigo kichwani, ngoma mbele na miezi ya vumbi.

Lakini ngoja kidogo. Safari yenyewe si neno lililochipuka hapa. Waswahili walilipata kwa Waarabu, ambao kwao safar ni kusafiri. Hata jina Kiswahili limetokana na sawahil, yaani pwani. Kwa hivyo neno lilitoka Uarabuni kwa majahazi, likaishi pwani yetu hadi likawa letu kabisa, kisha likapanda mgongoni mwa Burton hadi London. Mwaka wa 1909 aliyekuwa Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alitua Mombasa kuja kuwinda, na magazeti yakalisambaza neno hilo duniani. Mwaka wa 1953 yakaanza mashindano ya magari ambayo leo tunayaita Safari Rally. Mwaka wa 2003 kampuni ya Apple ikaipa jina hilo programu yake ya kufungua intaneti. Huenda ndiyo unayotumia kusoma makala haya.

Mtu aliyesahaulika katikati ya maneno

Hapa ndipo simulizi inabana. Burton aliandika maneno. Je, nani aliyemwambia?

Kati ya watu muhimu zaidi katika msafara ule alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, aliyekamatwa angali mtoto, akauzwa utumwani Kilwa na kupelekwa India. Bwana wake alipokufa akawa huru, akarudi Afrika Mashariki. Utumwa ulimwachia Kihindustani, lugha ambayo Burton na Speke waliijua pia. Hivyo Kiswahili cha njiani kilipita kwa Bombay, kikageuka Kihindustani, kisha kikaandikwa kwa Kiingereza. Bombay baadaye aliwaongoza Speke na Grant, Stanley na Cameron. Alitembea maelfu ya kilomita kuliko mabwana wengi waliopewa nishani. Lakini ukitafuta asili ya neno safari katika vitabu vya Kiingereza, jina utakalokutana nalo ni la Burton.

Tafsiri hiyo hiyo ndiyo iliyovunja urafiki wa wazungu hao wawili. Speke alienda kaskazini bila Burton mwaka wa 1858, akaliona ziwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza, akalipachika jina la malkia wake, Victoria, na kudai kuwa ndilo chanzo cha mto Nile. Burton alimbeza. Kwake, mtu asiyejua Kiarabu wala Kiswahili, anayetegemea maswali yaliyopita ndimi mbili, hakuwa na ushahidi wa kutosha. Mdahalo wao ulipangwa kufanyika mjini Bath Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Baadaye ikabainika kwamba kuhusu Nile, Speke alikuwa sahihi. Mjuzi wa lugha alishindwa na yule asiyezijua.

Wala tusimpambe Burton. Mtu aliyejifunza lugha za Waafrika kwa bidii hiyo ndiye pia aliyeandika mambo ya dharau kali kuwahusu. Mwaka wa 1863 alishiriki kuanzisha chama cha wasomi London ambacho kilieneza fikra kwamba watu weusi ni duni. Kujua lugha ya mtu hakukumfanya amheshimu mwenye lugha. Hilo ni funzo chungu, hasa kwa sisi tunaoamini kwamba watu wakielewana maneno wataelewana mioyo.

Miaka ya mwisho

Mwaka wa 1861 Burton alimwoa Isabel Arundell. Akawa balozi mdogo wa Uingereza katika kisiwa cha Fernando Po, kisha Santos nchini Brazil, Damascus, na hatimaye Trieste. Mwaka wa 1865 alichapisha mkusanyiko wa methali zaidi ya 2,000 za Afrika Magharibi. Mwaka wa 1885 akaanza kutoa tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela, juzuu 10, zikafuatwa na nyingine 6. Kiingereza chake humo kimejaa maneno adimu aliyoyachimbua kutoka karne za nyuma na lugha za mbali. Kuna wasomaji wanaokipenda na wengine kinawaumiza kichwa hadi leo. Mwaka uliofuata Malkia Victoria alimpa cheo cha Sir.

Alifariki Trieste Oktoba 20, 1890. Mkewe alichoma miswada yake, ikiwemo tafsiri aliyokuwa karibu kuimaliza. Kisha akamjengea kaburi la mawe huko Mortlake, London, lenye umbo la hema.

Kutoka hema hadi hema

Hema nalijua, utasema, kama unaishi Ifo. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1991 wakati Somalia ilipoporomoka vitani. Yeye na zile za Dagahaley na Hagadera zilikusudiwa watu 90,000, na zimewahi kubeba zaidi ya hao mara nyingi. Humo kuna Kisomali, Kiswahili, Kioromo, Kiingereza na vinginevyo. Kwa miaka mingi kulikuwa hata na wazungumzaji wa Kizigula kutoka bonde la mto Juba. Mababu zao walitekwa nyuma ya pwani ya Tanga katika karne ya 19, wakauzwa Somalia, na walipotoroka utumwani wakaitunza lugha yao msituni. Hiyo nayo ni safari, ila haikuandikiwa kitabu London.

Na kambi hizi zimezaa neno lao. Buufis. Limetoka katika kitenzi cha Kisomali cha kupuliza, kama unavyojaza puto hewa. Vijana hulitumia kwa ile hamu kali ya kuhamishiwa Marekani, Kanada au Ulaya, hamu inayomjaza mtu hadi halali usiku, na ambayo jina lake likikosekana katika orodha inaweza kumpasua kabisa. Watafiti waliokuja Dadaab walilisikia, wakatafuta neno la Kiingereza la kulitafsiri, wakakosa. Wakaliacha jinsi lilivyo. Leo buufis liko katika vitabu na majarida ya Kiingereza yanayosomwa vyuo vikuu vya dunia.

Tazama kejeli iliyopo. Kwa miaka mingi kijana wa Ifo anayetaka kufika Nairobi amehitaji kibali cha kutoka kambini. Neno lake lilipita bila kuulizwa, likaenda mpaka Ulaya. Lakini kama ilivyokuwa kwa Bombay, aliyelitamka hajulikani, na aliyeliandika ana jina kwenye jalada.

Burton hakuwa na uchawi. Alikuwa na daftari, sikio, na ukaidi wa kuuliza neno hili linaitwaje na lina maana gani. Daftari si ghali, na simu uliyoshika ina nafasi ya kutosha. Nyanya yako anajua majina ya nyasi, ya rangi za ngamia na ya aina za ukame ambayo hayajawahi kuandikwa popote. Muulize wiki hii. Andika neno, andika maana yake, na usisahau kuandika jina lake yeye aliyekuambia.